Nianzie wapi? Mwongozo wa kusikiliza hip-hop ya jazi ya watengeneza biti wa Ufaransa

Ukipenda hip-hop ya taratibu, ile yenye kinanda cha umeme, besi nzito na ngoma zinazotembea bila papara, siku moja mtu atakutajia Wafaransa. Shida inaanzia hapo. Majina ni mengi, albamu nyingine hazina rapa hata mmoja, na nyingine zimejaa marapa wa Kimarekani mpaka unajiuliza Mfaransa mwenyewe yuko wapi. Wengi husikiliza ngoma mbili, wakasema tamu, wakaendelea na shughuli zao.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu anayetaka kuzama. Nimeupanga kwa hatua kwa sababu albamu hizi zinafunguana. Ukianza na ile isiyo sahihi utaona ni muziki wa kungojea lifti. Ukiikuta baada ya wenzake, inakukalisha chini.

Hatua ya kwanza: mfuate prodyuza, mwache rapa

Kwenye Bongo Fleva tumezoea kusikia jina la prodyuza likitajwa sekunde mbili za mwanzo, kisha wimbo unakuwa wa msanii. Hapa mambo yamegeuka. Jina lililo kwenye jalada ni la mtu aliyetengeneza biti, na anayechana ni mgeni aliyealikwa. Mgeni anaingia, anachana beti mbili, anaaga. Mwenye nyumba anabaki mpaka ngoma ya mwisho. Ukisikiliza huku unamsubiri rapa, utaona albamu haina mwelekeo, maana kila ngoma ina sauti mpya. Ukimfuata mwenye nyumba, utausikia mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: jinsi anavyokata ngoma, jinsi anavyoipenda besi yake, na muda anaokiacha kinanda kipumue.

Kuna sababu inayofanya watu hawa wasijulikane hata kwao. Tangu tarehe 1 Januari 1996 redio za Ufaransa zinabanwa na sheria iliyopitishwa mwaka 1994: nyimbo za lugha ya Kifaransa zifikie asilimia 40. Sheria hiyo iliisukuma sana rap ya Kifaransa. Lakini biti isiyo na maneno haijazi fungu hilo, na biti yenye rapa wa New York haijazi vilevile. Kwa hiyo aliyechagua kutengeneza albamu ya jazi na wageni wa Kimarekani alijua toka mwanzo kwamba mlango wa redio ni mwembamba kwake. Alibaki na lebo ndogo, santuri chache na wasikilizaji waliotawanyika dunia nzima. Ndiyo maana ya andagraundi hapa. Na mimi naamini ndiyo iliyoziokoa albamu hizi, kwa sababu mtu asiyetafuta wimbo wa redio anapata nafasi ya kutunga saa nzima ya muziki unaoshikana.

Hatua ya pili: hedfoni, na usiku mmoja usio na haraka

Mara ya kwanza nilisikiliza Clin d'œil ya Jazz Liberatorz kwa spika ya simu, jikoni, maji ya ugali yakichemka. Nilichosikia ni watu wanaongea na kitu kinachogonga tiki-tiki nyuma yao. Nikaiacha miezi kadhaa. Siku niliyoirudia kwa hedfoni za waya, za bei ya kawaida, nilikuta nusu ya albamu ilikuwa chini, kwenye besi, mahali ambapo spika ya simu haifiki kabisa.

Kwa hiyo hedfoni kwanza. Pili, pakua albamu nzima ukiwa kwenye Wi-Fi au una bando la usiku, kwa ubora wa juu unaopatikana. Ukisikiliza mubashara na mtandao ukalegea, programu inashusha ubora wa sauti kimyakimya, na vitu vya kwanza kuharibika ni matoazi na ule mvumo wa santuri ya zamani, ambao kwenye muziki huu ni sehemu ya chakula. Tatu, zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo. Katikati ya ngoma kubwa kuna vipande vifupi vya biti tupu, vya dakika moja hivi, vilivyowekwa ili kukuvusha kutoka hali moja kwenda nyingine. Ukivichanganya ni kama kung'oa kurasa za riwaya na kuzipanga upya.

Hatua ya tatu: Clin d'œil, mara tatu

Jazz Liberatorz ni watatu: DJ Damage, Dusty na Madhi. Wametokea Meaux, mji ulio kama kilomita 40 mashariki ya Paris, ambao watu wengi wanaufahamu kwa jibini ya Brie. Baada ya miaka ya kutoa santuri moja moja, mwaka 2008 walitoa Clin d'œil kupitia Kif Records. Jina hilo maana yake ni kukonyeza, na kweli albamu nzima inaikonyeza Marekani ya miaka ya 1990. Wageni ni kina Fatlip wa The Pharcyde, Sadat X wa Brand Nubian, Buckshot wa Black Moon, Asheru, J. Sands, Raashan Ahmad na wengine. Ukiwa unayajua majina hayo, utajisikia nyumbani. Kama huyajui, usihangaike, tutayarudia.

Mara ya kwanza isikilize tu. Usisome chochote.

Mara ya pili fuata ngoma peke yake. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, inatua kwenye moja; snea, ile ngoma kali inayopasua, inatua kwenye mbili na kwenye nne. Ukishashika hesabu, tega sikio kwenye snea: mara nyingi haitui palepale unapoitegemea, inachelewa kidogo, chembe tu, kama mtu anayeegemea ukuta kabla ya kujibu swali. Mwendo huo una historia ya mashine. Mwaka 1988 ilitoka Akai MPC60, mashine ya kunasa vipande vya sauti na kuvipanga kuwa biti, iliyobuniwa na Roger Linn, na ndani yake kulikuwa na uwezo wa kusogeza mapigo kidogo yasikae kwenye mstari ulionyooka, yayumbe kama mpiga ngoma mwenye nyama na damu. Mwaka mmoja kabla yake ilikuja E-mu SP-1200, na hii ina kisa ninachokipenda. Kumbukumbu yake yote ilikuwa kama sekunde 10 za sauti. Sasa piga hesabu: biti ya mapigo 90 kwa dakika, ukichukua mzunguko wa mapigo 16, ni karibu sekunde 11. Haiingii! Maprodyuza wakapata ujanja: wanacheza santuri ya mwendo wa mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa 45, wanainasa ikiwa imeharakishwa, kisha wanaipunguza kasi ndani ya mashine. Nafasi inapatikana, lakini sauti inapoteza mng'ao wake na kubaki na ukavu na chembechembe, kama sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Uhaba ukazaa ladha. Hata leo, mtu mwenye kompyuta isiyojaa anaitafuta ladha hiyo kwa makusudi.

Mara ya tatu fuata kinanda. Sauti utakayokutana nayo kwenye karibu kila albamu ya mwongozo huu ni ya Fender Rhodes. Ndani ya Rhodes hakuna nyuzi. Nyundo ndogo inagonga kijiti cha chuma, kijiti kinatetemeka mbele ya sumaku inayonasa sauti kama ile ya gitaa la umeme. Ukigusa polepole inatoka kengele iliyofunikwa blanketi. Ukigonga kwa nguvu inakoroma. Kwa hiyo mpigaji anaweza kubadili hisia ya biti kwa uzito wa kidole tu, bila kuongeza noti yoyote. Tafuta ngoma iitwayo "Ease My Mind", aliyochana Omni, ukae nayo mpaka uweze kuuimba mwendo wa kinanda kwa mdomo. Ukifika hapo umeshapata ufunguo.

Kitu kingine cha kutegea sikio ni kiitikio. Kwenye hip-hop ya namna hii viitikio vingi haviimbwi na mtu. DJ anachukua maneno mawili kutoka santuri hii ya rap ya zamani, matatu kutoka ile, anayakwaruza, yaani anaisukuma santuri mbele na nyuma kwa mkono, na kuyapanga mpaka yanatoa sentensi iliyokamilika. Ni ushairi wa vipande, na anayeujua hasa ni mtu anayezijua santuri zenyewe.

Niseme ukweli wangu: baadhi ya wageni wa Clin d'œil wanatumia beti nyingi kueleza jinsi wanavyoipenda hip-hop, na mada hiyo huwa inanichosha. Lakini biti zinawabeba. Ukiimaliza, ongeza Fruit of the Past ya mwaka 2009, iliyokusanya kazi zao za miaka ya nyuma.

Hatua ya nne: rudi kwenye miaka ya 1990 uone jiko

Wafaransa hawakuamka mwaka 2008. Mwaka 1984 televisheni ya TF1 ilikuwa na kipindi cha hip-hop kilichoongozwa na Sidney, wakati ambapo hata Marekani kitu kama hicho kilikuwa hakijazoeleka. Paris ilikuwa na Radio Nova tangu 1981, na mwaka 1988 DJ Dee Nasty na rapa Lionel D wakaanza kipindi chao cha Deenastyle humo. Na kabla ya yote hayo, Paris ilikuwa mji uliowapokea wanamuziki wa jazi wa Kimarekani waliochoshwa na ubaguzi wa kwao. Mpiga ngoma Kenny Clarke alihamia huko mwaka 1956, mpiga piano Bud Powell akafuata 1959. Santuri za jazi zilikuwa kabatini kwa wazazi wa watu wengi. Mtoto akipewa mashine ya kunasa sauti, ataanza na kilichopo nyumbani.

Albamu ya kuanzia hapa ni ya MC Solaar, Qui sème le vent récolte le tempo, ya mwaka 1991. Solaar alizaliwa Dakar kwa wazazi wa Chad, akakulia Ufaransa. Jina la albamu limechezea methali ambayo sisi pia tunayo kutoka kwenye Biblia: apandaye upepo huvuna tufani. Yeye kaiondoa tufani kaweka mdundo. Lakini kumbuka hatua ya kwanza: usimsikilize Solaar peke yake, msikilize Jimmy Jay aliyesuka biti. "Bouge de là" imejengwa juu ya wimbo wa Cymande, bendi ya London ya vijana waliotoka Karibi, uitwao "The Message". Kisha nenda Prose combat ya 1994, yenye giza zaidi na nafasi zaidi. Pale unakutana na Boom Bass kwenye biti na Philippe Zdar kwenye kuchanganya sauti. Katikati ya albamu hizo mbili weka "Le Bien, le mal" ya 1993, ambayo Solaar alichana na Guru, rapa wa kundi la Kimarekani la Gang Starr, kwenye albamu yake ya kwanza ya Jazzmatazz: mmoja Kifaransa, mwingine Kiingereza, juu ya biti moja.

Boom Bass na Zdar walikuwa na kazi yao ya pembeni iliyoitwa La Funk Mob. Mwaka 1994 lebo ya Mo' Wax ya London ilitoa santuri zao. Hakuna rapa, ni biti zenye moshi, besi inayozunguka na vipande vya sauti vinavyokuja na kupotea. Baadaye wawili hao walikwenda kwenye muziki wa klabu kwa jina la Cassius, na watu wengi wanawajua kwa hilo tu.

Halafu DJ Cam. Albamu yake ya kwanza, Underground Vibes, ya katikati ya miaka ya 1990, ni muziki wa saa nane usiku. Anachukua kipande kidogo cha jazi, pengine piano ya sekunde nne, anakirudia mpaka akili yako inaacha kusubiri kitu kingine na kuanza kusikia kilichomo. Watu wengine huona inachosha. Nakushauri uisikilize ukiwa unatembea au uko dirishani kwenye basi la usiku, usiisikilize ukiwa mezani. Ukiipenda, Substances ya 1996 inakusubiri.

Kwa anayetaka marapa wa Kifaransa juu ya biti za namna hii, Les Sages Poètes de la Rue wa Boulogne-Billancourt, pembeni kabisa mwa Paris, walitoa Qu'est-ce qui fait marcher les sages mwaka 1995. Sampuli za jazi, yaani vipande vilivyokatwa kutoka santuri za zamani, sauti za kupokezana, hakuna anayepiga kelele.

Hatua ya tano: Nantes, na suala la lugha

Nantes iko magharibi, kwenye mto Loire, mbali na kelele za Paris. Huko ndiko walikotokea Hocus Pocus, na kiongozi wao 20syl ana sifa isiyo ya kawaida kwenye orodha hii: anatengeneza biti na anachana mwenyewe. Albamu ya 73 touches ya mwaka 2005 imepewa jina la vitufe 73 vya Fender Rhodes. Unaona sasa kwa nini nilikukalisha na kile kinanda?

Tofauti ya Hocus Pocus na Jazz Liberatorz utaisikia kwenye viungo. Hocus Pocus wana bendi. Besi inapigwa na mtu, ngoma zinapigwa na mtu, kisha DJ Greem anakwaruza juu yake. Matokeo yake biti inabadilika ndani ya wimbo mmoja. Kinanda kinachofuata sampuli hurudia kosa lilelile kila mzunguko, lakini mpiga kinanda aliye hai hakosei mara mbili kwa namna moja. Place 54 ya 2007 ndiyo ninayoiona kilele chao. 16 pièces ya 2010 ina mng'ao zaidi, na ina waimbaji zaidi.

20syl na Greem ni nusu ya C2C, kundi la ma-DJ wanne lililochukua ubingwa wa dunia wa DMC, mashindano ya ma-DJ, kwa upande wa timu miaka minne mfululizo, 2003 mpaka 2006. Ndiyo maana mikwaruzo ya Hocus Pocus haijawekwa kama pambo. Inaongea.

Sasa lugha. Hocus Pocus wanachana Kifaransa, na hapa msomaji wa Lubumbashi, Goma au Bujumbura ana faida kubwa kuliko sisi wa Dar. Kama huna Kifaransa, fanya hivi: sikiliza wimbo mara mbili bila maneno, chagua neno moja linalojirudia kwenye kiitikio, litafute maana yake. Neno moja tu. Kisha sikiliza tena. Utashangaa jinsi neno moja linavyowasha taa kwenye wimbo mzima. Ukianza na tafsiri ya mistari yote utageuka msomaji, na rap ya 20syl imekaa kwenye mpangilio wa silabi, ambao masikio yanauelewa bila kamusi.

Hatua ya sita: albamu isiyo na rapa

Baada ya kuzoea, ondoa maneno kabisa. Mtu wa kukufundisha hilo ni Guts. Alikuwa prodyuza wa Alliance Ethnik, kundi la Creil, kaskazini ya Paris, lililovuma na Simple & Funky mwaka 1995. Miaka ikapita, na mwaka 2007 akatoa Le Bienheureux, maana yake mwenye heri, albamu ya biti tupu. Zikafuata Freedom ya 2009 na Paradise for All ya 2011.

Anza na Le Bienheureux, na sikiliza hasa anavyotumia sauti za waimbaji wa zamani. Hachukui wimbo. Anachukua pumzi, silabi mbili, mwisho wa neno, kisha anazifanya kinanda. Kwa hiyo ingawa hakuna anayechana, kuna mtu anayeongea nawe wakati wote. Biti tupu nyingi za siku hizi, zile za kusomea na kulalia, zimekosa kitu hicho: ni ukuta uliopakwa rangi nzuri, hakuna anayekaa ndani. Za Guts zina mwenyeji.

Ukishazimaliza tatu hizo, ndipo ufungue Hip Hop After All ya 2014, ambapo ameita waimbaji na marapa, akiwemo Masta Ace. Utaisikia tofauti kabisa na mtu aliyeanza nayo.

Kwenye hatua hii hii kuna njia mbili za pembeni, nitazitaja haraka. Onra alisafiri Vietnam akarudi na santuri za zamani za Kichina na Kivietinamu, akazikatakata akapata Chinoiseries ya 2007: vipande vifupi vifupi, vya haraka, vyenye mbwembwe. Wax Tailor, kutoka Normandy, alitoa Tales of the Forgotten Melodies mwaka 2005 na Hope & Sorrow mwaka 2007, zenye maongezi ya filamu za zamani na vinanda vya huzuni. Huyu wa pili ni wa kisinema zaidi kuliko wa jazi, lakini ukimpenda DJ Cam utampenda.

Hatua ya saba: pilipili

Hii haimo kwenye orodha nyingi za watu wa jazi na hip-hop, na mimi naiweka kwa makusudi. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, mama Mnyarwanda, baba Mfaransa. Vita vilimtoa Burundi akiwa kijana mdogo akaenda Ufaransa. Albamu yake ya mwaka 2013 inaitwa Pili-pili sur un croissant au beurre. Neno la kwanza huhitaji kutafsiriwa. Yaliyobaki ni ule mkate wa siagi wa Wafaransa uliokunjwa kama mwezi mwandamo. Pilipili yetu juu ya mkate wao.

Muziki umeshikwa na Guillaume Poncelet, mpiga tarumbeta na piano, kwa hiyo hapa biti inakaribia kabisa kuwa bendi ya jazi, na mara nyingine inakuwa gitaa la Kiafrika. Sikiliza "Petit Pays" ukiwa peke yako. Ni barua kwa nchi ndogo aliyoiacha, na jina hilohilo alilipa riwaya yake ya mwaka 2016. Msomaji wa Burundi au Rwanda hahitaji niongeze neno. Wengine, kaeni na kinanda kwanza, mistari itakuja.

Hatua ya nane: fuata sampuli mpaka kwenye chanzo

Chagua ngoma moja tu kati ya zote ulizozipenda, tafuta imetokana na nini, usikilize wimbo wa asili mzima. Zipo tovuti za wapenzi wa muziki zinazoorodhesha sampuli, na kwenye majalada ya santuri nyingi imeandikwa. Sikiliza asili, rudi kwenye biti, uliza: amechukua wapi? Amekata nini? Kwa nini ameacha ile sehemu tamu na kuchukua sekunde tatu ambazo mimi nisingeziona? Zoezi hilo moja lina thamani kuliko kusikiliza albamu kumi mpya.

Na utakuta barabara inakwenda pande zote mbili. Wamarekani nao wamechimba Ufaransa. Jean-Jacques Perrey alirekodi "E.V.A." mwaka 1970, na Gang Starr wakaitumia kwenye "Just to Get a Rep". Bendi ya Cortex ilitoa Troupeau bleu mwaka 1975, na MF DOOM akachukua humo "Huit octobre 1971" kwa ajili ya "One Beer". Janko Nilovic alitunga Paris muziki wa kutumiwa kwenye filamu na televisheni, santuri ambazo hazikuwa za kuuzwa dukani kwa watu wa kawaida, na mwaka 2009 kazi yake ikaibuka chini ya sauti ya Jay-Z kwenye "D.O.A.". Troupeau bleu nakuomba usiiruke. Ukiisikiliza baada ya Jazz Liberatorz utaelewa kwamba Rhodes, besi ya mviringo na sauti ya mwanamke inayoimba bila maneno vilikuwepo Ufaransa kabla watengeneza biti wa leo hawajazaliwa au wakiwa bado wananyonya.

Hatua ya tisa: lipa, andika, fuata jina

Albamu hizi zilitolewa na lebo ndogo. Tafuta kwanza ukurasa wa msanii au lebo yake kwenye Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, maana huko sehemu kubwa ya fedha inamfikia mwenyewe, na ukinunua unapata faili zako za kubaki nazo hata bando likiisha. Kama fedha hakuna mwezi huu, chagua albamu moja kwa miezi mitatu. Moja uliyoilipia utaisikiliza kwa makini kuliko kumi za bure. Usinunue santuri kabla hujajua gharama ya kuisafirisha na ushuru wa forodha, kwa sababu vinaweza kuzidi bei yake.

Kisha daftari. Langu lina safu tatu: jina la ngoma, jina la mgeni, na kitu kimoja nilichokisikia. Kimoja tu, kwa maneno yangu: "snea kama mlango wa mbao", "besi inakaa kimya mzunguko wa tatu". Baada ya mwezi unaanza kuona unachokipenda hasa, na kinaweza kisiwe ulichodhani. Mimi nilidhani napenda vinanda. Daftari likanionyesha kwamba kila nilipoweka alama, besi ndiyo ilikuwa imenyamaza.

Safu ya wageni ndiyo ramani yako ya mbele. Ulipokutana na Raashan Ahmad kwenye Clin d'œil, nenda kwa kundi lake la Crown City Rockers. Ulipompenda J. Sands, mtafute alipo na The Lone Catalysts. Na ukirudi kwa Hocus Pocus utawakuta The Procussions, kundi la Colorado, wakiwa wageni wao. Mmoja wao anaitwa Mr. J. Medeiros. Liandike jina hilo. Mwaka 2017 yeye na 20syl walitoa The Upper Hand kwa jina la AllttA: Mmarekani anachana Kiingereza, Mnantes anasuka biti, na Rhodes imebaki kidogo sana, kompyuta imechukua nafasi yake. Icheze mara tu baada ya Place 54, bila kupumzika katikati, ukifuata snea.